Unga wa kusawazisha homoni na uji wa soya: naomba ushauri kabla sijaanza kutumia

Mama wa Katumba, Rungwe

Ndugu zangu, nawasalimu kila mmoja kwa heshima ya umri wake. Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Katumba wilayani Rungwe, mchuma chai na mkulima wa ndizi. Tangu mwaka jana hedhi yangu imepoteza mpangilio. Mara inachelewa wiki saba, mara inakuja nzito na kukaa siku tisa. Usiku huamka kifua kimelowa jasho, lakini mchana shambani huona baridi kuliko wenzangu wote, hata siku ambazo jua limetoka na wao wamevua masweta. Uzito umeongezeka ingawa sili zaidi kuliko zamani, ngozi ya miguu imekauka, choo kimekuwa kigumu, na jioni huwa nimechoka kiasi cha kushindwa kumenya ndizi za chakula.

Mwenzangu wa kwaya alinipeleka kwa muuzaji wa dawa za asili jijini Mbeya. Baada ya kunisikiliza kwa dakika chache alisema kwamba homoni zangu zimevurugika, akanipa kopo la unga kwa shilingi 35,000. Kwa maelezo yake, ndani yake mna uwatu, mdalasini, soya, urukususu, unga wa viazi vikuu, na mizizi miwili ambayo hakutaka kuitaja. Natakiwa kunywa vijiko viwili kwa maji ya moto asubuhi na jioni kwa miezi mitatu, na niache kabisa kula kabichi. Kopo liko kabatini, sijalifungua.

Lipo na jambo la pili. Nyumbani tunakunywa uji wa mahindi uliochanganywa na soya na karanga, na tuna kijana wa kiume wa miaka 15. Baba yake amesikia kwamba soya ina homoni za kike na itamharibu kijana, hivyo amekataza isiingie tena ndani. Mimi naona kijana anakua vizuri, lakini sina hoja ya kumjibu mume wangu. Naomba wenye elimu wanieleze ni vyakula na mimea gani hasa inayogusa homoni, kwa kiasi gani, na kama lipo lolote katika haya niliyoyataja linalonifaa mimi.

Mkunga Mstaafu, Iringa

Mdogo wangu, umefanya vema kuuliza kabla ya kulifungua kopo hilo. Nilihudumu wodi ya wazazi na kliniki kwa miaka 34, na maneno "homoni zimevurugika" nimeyasikia akiambiwa mwanamke aliyekosa mtoto, aliyenenepa, mwenye chunusi, mwenye hasira, na hata aliyekuwa na upungufu wa damu tu. Mwili una homoni nyingi, na kila moja ina mahali inapotoka na kazi yake. Insulini hutoka kwenye kongosho na kushughulika na sukari. Homoni za tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hupanga kasi ya mwili kutumia nishati. Estrojeni na projesteroni hutoka kwenye ovari na kuendesha hedhi. Anayekuahidi kuzisawazisha zote kwa kijiko kimoja bado hajakuambia ni ipi iliyopungua na ipi iliyozidi, wala ameijuaje bila kupima.

Katika maelezo yako naona habari mbili zilizofungwa pamoja. Hedhi inayorukaruka na jasho la usiku, kwa umri wako, vinaelekea kuwa dalili za ovari kukaribia kupumzika. Wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya miaka 45 na 55, na misukosuko hutangulia kwa miaka kadhaa. Lakini kuona baridi kuliko wenzako, ngozi kukauka, choo kuwa kigumu, uzito kupanda bila kula zaidi, na hedhi nzito, ni sura ninayoifahamu ya thairoidi iliyolegea. Huku kwetu nyanda za juu sura hiyo hupita bila kutambuliwa, kwa sababu mwezi wa Juni kila mtu anaona baridi, na mama akisema amechoka huambiwa ni kazi za shamba.

Naomba nikae kidogo hapo, maana ndipo chakula kinapogusa homoni waziwazi kuliko mahali pengine popote. Thairoidi hutengeneza homoni zake kwa kutumia madini joto, na yakikosekana hakuna kitu kingine kinachoweza kushika nafasi yake. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Hata hivyo mvua za milimani zimekuwa zikiyaosha madini hayo kutoka kwenye udongo kwa muda mrefu sana, hivyo mahindi, viazi na mboga zinazoota humo huwa nayo kidogo. Ndiyo sababu wazee wetu wengi wa milimani walikuwa na rovu shingoni, na watoto wengine walizaliwa na akili iliyodumaa kwa kuwa mama alikosa madini joto akiwa mjamzito. Katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoathirika. Nikiwa muuguzi mchanga niliwaona akina mama wakipanga foleni kuvipokea. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutaka chumvi ya kula iongezwe madini joto, na rovu kubwa tulizozoea kuziona zikaanza kuwa adimu.

Kwa hiyo angalia kwanza chumvi ya jikoni kwako. Kama ni chumvi ya mawe inayopimwa kwa kikombe mnadani, yawezekana haina madini joto kabisa. Nunua iliyofungwa na kuandikwa, iweke kwenye kopo lenye mfuniko mbali na moto, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa sababu madini hayo hupotea yakiachwa wazi au yakichemshwa muda mrefu. Samaki wa baharini, mayai na maziwa huongeza. Usipa wa Ziwa Nyasa ni mboga nzuri kwa protini na kwa mifupa, ila samaki wa maji baridi hawafikii wa baharini kwa madini joto. Usinunue matone ya madini joto ukajipimia mwenyewe, kwa maana yakizidi nayo huivuruga thairoidi, hasa ya mtu aliyeishi na rovu miaka mingi.

Kuhusu kabichi, muuzaji ameshika nusu ya ukweli. Kabichi mbichi, na vilevile mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, huwa na viasili vinavyoizuia thairoidi kuchukua madini joto. Madhara yalionekana kwa watu waliokula vitu hivyo kila siku huku madini joto yenyewe hayapo. Mwenye chumvi nzuri, anayeipika kabichi yake, hana sababu ya kuiacha.

Nenda hospitali uombe kipimo cha TSH, homoni ya ubongo inayoiamsha thairoidi na ambayo hupanda thairoidi ikilegea, na kipimo cha wingi wa damu. Waeleze pia habari ya hedhi ya siku tisa ili wakuangalie shingo ya kizazi na mji wa mimba, kwa kuwa damu nyingi katika umri huu haifai kuachwa ielezewe kwa homoni peke yake. Na kwa kuwa uko kwenye nchi ya chai: usiinywe pamoja na chakula, subiri walau saa moja, maana chai huzuia madini chuma kuingia mwilini, na wewe unapoteza damu.

Mkulima wa Wanging'ombe

Dada, naomba nijibu upande wa shemeji, kwa sababu nalima soya, nafuga nguruwe, na nina vijana watatu wa kiume waliokua kwa uji huo huo.

Hofu ya shemeji haikutoka hewani. Soya ina viasili viitwavyo isoflavoni, ambavyo umbo lake linafanana na estrojeni kiasi cha kuweza kukaa mahali ambapo estrojeni hukaa kwenye chembe za mwili. Ila hukaa kwa nguvu hafifu sana ikilinganishwa na estrojeni yenyewe. Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliripoti habari ya mzee wa miaka 60 aliyevimba matiti, na walipochunguza wakakuta anakunywa takriban lita 3 za maziwa ya soya kila siku. Alipoacha, homoni zake zikarudi kawaida. Habari za namna hiyo ndizo zinazozunguka kwenye simu zetu zikiwa zimekatwa kiasi alichokunywa. Mwaka 2021 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 41 zilizofanywa kwa wanaume, na haukukuta soya ikishusha testosteroni, yaani homoni ya kiume, wala kupandisha estrojeni. Kijiko kikubwa cha unga wa soya kina takriban miligramu 15 za isoflavoni, na wazee wa Japani wamekula miligramu 25 hadi 50 kwa siku maisha yao yote. Kikombe cha uji wa kijana wako hakifiki huko. Jambo la kuzingatia ni kwamba soya ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi huzuia protini isiyeyuke tumboni, na hapo kijana ndipo atakapokosa faida ya uji.

Sasa naomba nimweleze shemeji kitu ndani ya uji huo huo ambacho mimi nakiogopa kuliko soya, nacho ni mahindi yenye ukungu. Miaka minne iliyopita mvua ilichelewa kukatika, na mahindi yangu mengi yakaota ukungu wa rangi ya waridi kwenye ncha za magunzi. Nilichambua mazuri kwa ajili ya nyumbani, mabovu nikawapa nguruwe, kama wengi tunavyofanya. Baada ya siku chache majike wadogo wa miezi minne, ambao hawajafikia umri wa kupandwa, walivimba sehemu za uzazi kana kwamba wako kwenye joto, na chuchu zikakua. Mtaalamu wa mifugo alinieleza kwamba ukungu huo hutoa sumu iitwayo zearalenoni, ambayo hufanya kazi ya estrojeni mwilini, na ya kwamba hustawi hasa kwenye hali ya baridi na unyevu kama ya kwetu. Wanasayansi waliitambua sumu hiyo mwaka 1962, lakini wafugaji wa Marekani walikuwa wameshaona nguruwe wakivimba tangu miaka ya 1920. Nilipobadilisha chakula, uvimbe ulipungua wenyewe.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo kuliko kwa nguruwe, lakini nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha sumu hiyo kwenye mahindi ya kula, na kupika hakuiondoi. Tangu mwaka ule naanika mahindi juu ya turubai, sihifadhi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na punje zilizobadilika rangi haziendi mashineni hata kama ni debe zima. Naomba sana mchambue mahindi ya uji kwa mkono. Karanga nazo zichambuliwe vivyo hivyo, kwa ajili ya sumukuvu inayoharibu ini.

Na kwa kuwa shemeji anajali nguvu za kiume, nitaje pia ulanzi na komoni. Pombe nyingi ya kila siku hushusha testosteroni na kulichosha ini linalopaswa kuiondoa estrojeni mwilini, na hilo limethibitika kuliko chochote kinachosemwa juu ya soya.

Binti wa Gangilonga, Iringa

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nina miaka 24, na shida yangu ilikuwa tofauti na ya mama: hedhi mara tatu kwa mwaka, ndevu kidevuni, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari. Nilikunywa chai ya nanaa kwa muda mrefu, kwa sababu nilisoma kwamba mwaka 2010 nchini Uingereza wanawake wenye shida kama yangu walipewa chai hiyo mara mbili kwa siku kwa siku 30, na testosteroni kwenye damu yao ikashuka. Nilipoisoma habari hiyo vizuri nilikuta kwamba nywele zenyewe, zilipopimwa, hazikuwa zimepungua kwa kipindi hicho kifupi. Kwangu pia hazikupungua, ingawa chai ni nzuri na sijaiacha.

Kilichonisaidia kurudisha hedhi ni kufanya kazi upande wa insulini. Daktari alinieleza kwamba insulini ikizidi huzisukuma ovari kutengeneza testosteroni, na kwamba kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito huwatosha wengi kuanza tena kutoa mayai. Nikaacha soda na maandazi ya asubuhi, nikahamia ugali wa dona na maharage kwa kipimo, nikawa napanda jiwe la Gangilonga mara nne kwa wiki. Kutoka kilo 83 nilifika 76 kwa miezi minane, na mwezi wa sita hedhi ilianza kuja yenyewe. Nayasema haya kwa sababu na mimi niliuziwa unga wa kusawazisha homoni, na nadhani ni huo huo wa mama, ilhali yeye na mimi hatuumwi kitu kimoja.

Mfamasia, Mbeya

Mama, nimeyapitia majina ya vilivyomo kwenye kopo lako, na kinachonisumbua zaidi ni urukususu. Mzizi huo mtamu una kiasili kiitwacho glisirizini, ambacho hukizuia kimeng'enya kinachoipunguza nguvu kortisoli, homoni ya msongo, kwenye figo. Kortisoli ikibaki na nguvu yake huanza kutenda kazi ya homoni nyingine, ile inayobakiza chumvi mwilini, na matokeo yake shinikizo la damu hupanda na potasiamu hushuka hadi moyo unaweza kupiga vibaya. Kipande kidogo kwenye chai ya siku moja hakina neno. Vijiko vinne kwa siku kwa miezi mitatu, bila kujua urukususu ni robo au nusu ya unga huo, ni kitu ambacho nisingemshauri mtu yeyote, na zaidi aliye na shinikizo la damu. Huo ni mfano wa mmea ambao kweli unagusa homoni, na ndiyo maana unadhuru.

Viazi vikuu vina historia ya kupendeza ambayo wauzaji wameigeuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkemia wa Marekani, Russell Marker, alitumia viazi pori vya jamii hiyo kutoka Meksiko kutengenezea projesteroni, na kazi yake ndiyo iliyofungua njia ya vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini aliitengeneza maabara, kwa hatua kadhaa za kemikali, kutokana na kiasili kiitwacho diosjenini. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuzifanya hatua hizo. Ukila kiazi kikuu umepata wanga na nyuzinyuzi, na projesteroni yako inabaki pale pale ilipokuwa.

Uwatu na mdalasini hugusa zaidi sukari. Uwatu unaweza kuishusha, hivyo mwenye kisukari anayetumia dawa, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Haufai kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wala kwa mjamzito. Nawe mama, hedhi ikichelewa wiki saba kwa umri wa miaka 46, pima mimba kwanza, kwa sababu bado inawezekana. Mdalasini wa bei nafuu una kumarini, inayolisumbua ini ikitumiwa kwa vijiko kila siku. Kwenye pilau na chai hauna shida. Soya ndiyo pekee humo ambayo tafiti zimeipa nafasi kidogo kwenye joto la ghafla: uchambuzi wa mwaka 2012 uliona isoflavoni zikipunguza idadi ya vipindi vya joto kwa takriban asilimia 20 zaidi ya kidonge kisicho na dawa, na faida hiyo haiji kabla ya wiki kadhaa. Hiyo utaipata kwenye uji wako bila kununua kopo.

Mizizi miwili isiyotajwa siwezi kuizungumzia, na hapo ndipo penye kosa. Tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na baraza linalosajili waganga na dawa zao. Una haki ya kumwuliza muuzaji namba ya usajili na orodha kamili ya vilivyomo. Waganga wa asili ninaowaheshimu hukutajia mti, sehemu ya mti na kipimo chake.

Mama wa Katumba, Rungwe

Shikamoo mama mkunga, na asanteni nyote. Zimepita wiki tatu na nimerudi na majibu. Mimba haipo. TSH imekutwa juu sana, na wingi wa damu ni 9.4, wakati walisema ulitakiwa kuanzia 12. Shingo ya kizazi iko salama, na ndani ya mji wa mimba kuna uvimbe mdogo ambao watauangalia tena baada ya miezi sita. Nimepewa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni ya thairoidi, na vidonge vya madini chuma. Chumvi niliyokuwa nikitumia ilikuwa ya mawe, ya kupimiwa; nimebadilisha. Kopo nimelirudisha, na muuzaji alipoombwa majina ya mizizi na namba ya usajili alikataa, lakini alinirudishia shilingi 20,000.

Mume wangu alisoma maelezo ya mkulima mara mbili, na jioni ile ile alimwaga mahindi ya uji kwenye ungo akaanza kuchambua na kijana. Soya ameikubali. Sasa swali langu la mwisho: nikinywa vidonge vyangu asubuhi pamoja na uji huo wa soya, kuna ubaya?

Mfamasia, Mbeya

Upo, mama, na nafurahi umeuliza. Soya huizuia levothairoksini isiingie vizuri mwilini, na maziwa, kahawa na vidonge vya madini chuma hufanya vivyo hivyo. Kunywa levothairoksini mara uamkapo, kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha ukae walau saa moja kabla ya kula chochote. Kwa kuwa huwa mnaenda kuchuma mapema, nakushauri uji wa soya uuhamishie mchana au jioni, na asubuhi ule ndizi au viazi. Vidonge vya madini chuma viwe mbali na levothairoksini kwa saa nne au zaidi. Mchana ni wakati mzuri, pamoja na chungwa na bila chai. Kiasi cha soya kisibadilikebadilike sana wiki hadi wiki, kwa sababu TSH itapimwa tena baada ya wiki sita hadi nane ili daktari apange dozi yako, na dozi hiyo itategemea jinsi unavyokula katika siku hizo.